Laptop Aliyoitukana Lukresia

Lukresia wa Sapiwi alikuwa na mdomo mchafu kwa vitu vizuri tu. Kitu kibaya alikisifia. Ukimsikia anasifia gunia lako la mahindi, rudi nyumbani ukalikague, maana limeshaingia wadudu na yeye amewaona kabla yako.

Usidhani alikuwa na roho mbaya. Ilikuwa kazi. Miaka ishirini na sita alikuwa dalali wa ng'ombe, mwanamke pekee pale mnadani mwenye fimbo yake mwenyewe, na mnadani ukimpenda ng'ombe humwangalii. Unakwenda kwa jirani yake, yule mwenye mgongo uliopinda, unampapasa, unasema kwa sauti kwamba hapa ndipo penye ng'ombe. Halafu unamgeukia yule unayemtaka kama vile umejikwaa kwake, unamtukana. Unasema amekonda, ana jicho la uchawi, ukoo wake wote ulikufa kwa kuhara. Mwenye ng'ombe anajua unachofanya, na wewe unajua kwamba anajua. Mnatukaniana mali nusu saa, bei inashuka mpaka pale ilipotakiwa kuwa tangu asubuhi, kisha unamgusa mnyama mgongoni kwa ncha ya fimbo. Ukishagusa, umenunua, na hakuna mtu wa kukuuliza umechagua yupi. Unalipa, unageuka, hutazami tena ng'ombe wako akifunguliwa kamba, kwa sababu kutazama ni kumwambia mwenzako mbele za watu kwamba ni mwizi.

Hiyo yote ni sawa mnadani. Shida ni kwamba mdomo huo jioni Lukresia alirudi nao nyumbani.

Mtoto wake wa mwisho, Harieth, alikua akisikia bei yake ikishushwa kila siku. Alipofaulu kidato cha nne, majirani walikuja kumpongeza, wakamkuta mama yake anapepeta dengu uani. "Mwaka huu wamefaulisha mpaka mbuzi," Lukresia aliwaambia, akaendelea kupepeta. Baba yake Harieth, marehemu Maduhu, ndiye aliyekuwa akimsifia mtoto, na alipofariki kazi hiyo ilibaki haina mtu.

Mwaka juzi ililetwa posa kutoka Mkula, kwenye familia ambayo zizi lake ukilianza kulihesabu asubuhi unamaliza baada ya chakula. Mama mwingine angemsifia binti mpaka ng'ombe waongezwe. Lukresia alimkalisha mshenga kwenye kiti kizuri, akamweleza kwamba Harieth analala mpaka jua la utosi, ugali wake una madonge, na akikasirika anang'ata. Mshenga hakumaliza maji aliyopewa. Harieth alikuwa nyuma ya ukuta na alisikia neno kwa neno. Alifurahi, kwa kuwa hakutaka kuolewa, alitaka shule. Lakini lile la kung'ata lilimkaa moyoni. Angalau lingekuwa la ugali peke yake.

Sasa mwaka huu Harieth akachaguliwa kwenda chuo cha mifugo, huko Dodoma. Barua ilikuja na orodha ya vitu: koti jeupe, gambuti, ndoo, na kompyuta mpakato. Lukresia alisomewa orodha mara mbili. Vile vitatu vya kwanza alivielewa. Cha nne alikiwekea mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Alhamisi alimpeleka mnadani mtamba wake mwekundu, akamuuza, akarudi na laki tano na nusu kwenye pindo la kitenge. Waliobaki zizini walikuwa ng'ombe wawili wa maziwa na ndama mmoja, na hao walikuwa ni ada ya mwaka. Kwa hiyo hesabu ilikuwa fupi: mtamba mmoja, laptop moja, na Jumatatu asubuhi binti anapanda basi. Ukikosea, mwingine wa kuuza hayupo.

Ijumaa walipanda bodaboda kwenda Bariadi, Lukresia katikati, fimbo imelala mapajani.

"Nitaongea mimi," alisema waliposhuka. "Wewe ukiiona inayokufaa, itukane."

"Mama, dukani siyo mnadani. Bei wameandika kwenye karatasi."

"Aliyeandika karatasi ana mdomo, sina mdomo mimi?"

Harieth alimfuata nyuma. Yeye laptop alikuwa anazijua kiasi. Baada ya kumaliza shule alikaa miezi mitano kwenye kibanda cha kuchapia barua pale Bariadi, kwenye mashine iliyokuwa ikifikiri kwanza kabla ya kuandika herufi. Unabonyeza, unasubiri, mteja anakuangalia kana kwamba wewe ndiye mbovu. Aliapa hatanunua mashine ya namna hiyo hata iwe na rangi ya dhahabu.

Maduka mawili ya kwanza hawakukaa. Wauzaji walisifia mali zao kwa kasi mpaka Lukresia akawaonea huruma. "Anayesifia hivi ana mgonjwa ndani," alimnong'oneza binti yake, wakatoka.

Duka la tatu lilikuwa la bwana mmoja anaitwa Evaristo, mtu wa Kagera aliyeletwa Bariadi na uhamisho wa mke wake, mtumishi wa serikali. Alikuwa mpole, ana miwani na fulana ya kufuma hata kwenye joto, na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao haufai kwa biashara: ukimwambia kitu, anakiamini.

"Mwangaluka, mayu," alisema, yaani habari za asubuhi, mama, maana salamu ya Kisukuma alishajifunza.

"Mwangaluka, baba," alijibu Lukresia, akiangalia dari.

Evaristo aliuliza laptop ni ya kazi gani. Harieth akasema ni ya kuandika, kusoma masomo, kuingia intaneti, na video za darasani. "Basi hahitaji ya gharama," Evaristo alisema. "Anahitaji isiyomchelewesha." Akaweka mbili juu ya meza.

Ya kwanza ilikuwa mpya, nyembamba, ya bluu kama sare ya kwaya, bado ina nailoni kwenye kioo. Alieleza bila kuficha: RAM yake ni GB nne, nafasi ya kuhifadhi ni GB sitini na nne, na vyote viwili vimeshikiliwa humo humo, huwezi kuongeza baadaye. Uzuri wake ni wepesi, na ina waranti ya mwaka. Ya pili ilikuwa nyeusi, nene, imechubuka pembeni. Hiyo ilikuwa ya mtumba, imetumika ofisini Ulaya. RAM GB nane, diski ya SSD GB mia mbili hamsini na sita, betri imebadilishwa, inafunguka kwa bisibisi za kawaida, na siku mwenyewe akipata hela anaweza kuiongeza. Zote bei moja, laki tano na nusu.

"Mimi ningekuwa na mtoto," Evaristo alianza, "ningechukua hii..."

"Usiniambie," Lukresia alimkata. Muuzaji akishakushauri ameshajua moyo wako uko wapi.

Mama na binti wakaanza ukaguzi. Harieth alizifungua zote mbili pamoja, akafungua kurasa kumi za intaneti kwenye kila moja, akaandika haraka haraka, akachomoa chaja na kuacha video ikicheza aone asilimia za betri zinavyoshuka. Alijaribu kamera, spika, matundu ya flashi. Lukresia naye hakukaa bure. Alizinyanyua moja moja kupima uzito. Alifungua na kufunga kifuniko mara nane akisikiliza bawaba. Aliinusa nyeusi. Aliweka sikio kwenye ubavu wake asikie inavyopumua, akapapasa tumbo lake kuona kama lina homa, na usicheke, maana mashine inayochemka hovyo ukiipapasa utaijua. Nyeusi ilikuwa na uvuguvugu tu. Ya bluu baada ya kurasa sita ilisimama kimya, kale kaduara kakizunguka kwenye kioo.

Lukresia alikaona kale kaduara. Aliona pia macho ya binti yake yamehamia kwenye nyeusi na hayataki kutoka.

"Hii kibodi yake kama meno ya bibi," Harieth alisema kuhusu nyeusi, kwa sauti.

Lukresia alijisikia vizuri sana. Mtoto alikuwa amejifunza.

Basi akaachia. Aliisifia ya bluu kwa dakika kumi: rangi yake, wembamba wake, jinsi ambavyo ukiiweka mezani nyumba nzima inaonekana imesoma. Kisha akaigeukia nyeusi. Akasema ina uso wa ng'ombe mgonjwa. Akasema Wazungu wameitumia wakaichoka, wameileta huku ife kwetu tugharimie mazishi. Akauliza kama ilishawahi kuibiwa, na kama mwizi aliirudisha mwenyewe. Evaristo alirudi nyuma hatua moja. Hakuwahi kumwona mtu akiichukia laptop kiasi kile, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema alianza kuona haya kwamba ameiweka mezani. Bei ikashuka. Kwa laki tano kamili Evaristo alisema hawezi zaidi, na Lukresia aliona kweli hawezi.

"Nenda katafute bodaboda," alimwambia Harieth. Binti alitoka.

Lukresia akanyoosha fimbo, akaigusa nyeusi mgongoni kwa ncha yake, polepole, kama inavyotakiwa.

"Basi," alisema. "Fungasha."

Akaweka hela mezani, akageuza mgongo, akaangalia barabarani. Bodaboda zilipita, mtu akapita na baiskeli yenye magunia ya pamba, na Lukresia akawa anajisikia mtu mkubwa.

Nyuma yake Evaristo aliiondoa nyeusi haraka mezani, akaipangusa pale ilipochokonolewa na fimbo, akaificha chini ya kaunta asimuudhi mama wa watu. Halafu akaichukua ile iliyosifiwa, akaiweka kwenye boksi la kaki lisilo na picha, akafunga na gundi ya karatasi. Kwa jinsi mama alivyokuwa ameipenda, akamwongezea na mausi ya bure.

Boksi lilifunguliwa Sapiwi, sebuleni. Kasmiri alikuwepo. Kasmiri alikuwa jirani na dalali mwenzake, na kwa miaka ishirini alikuwa akisubiri kwa uvumilivu siku ambayo Lukresia atauziwa mbuzi kwenye gunia. Hakuwa amekaribishwa. Aliona boksi likishushwa kwenye pikipiki, akaja.

Harieth alikata gundi, akafungua. Bluu.

Harieth alimwangalia mama yake, na mama yake aliangalia boksi. Kasmiri aliinama kidogo mbele aone vizuri.

"Ina rangi nzuri," alisema Kasmiri, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Lukresia aliona aibu mpaka masikio yakawasha. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi, na kitu hicho kilikuwa hofu. Aibu angeimaliza mnadani wiki ijayo kwa kumtukana Kasmiri mbele ya watu. Mtamba ndio hangerudi. Alimwona binti yake amekaa darasani Dodoma na wenzake, kale kaduara kanazunguka, mwalimu ameshafika ukurasa wa pili.

Harieth aliiwasha. Iliwaka kwa wakati wake. Ikasema inataka kujisasisha, na ilipomaliza ikasema nafasi imebaki kidogo. Akaandika jina lake, akasubiri, likatokea.

"Ni nzuri, mama," alisema Harieth. "Ni nyepesi. Itanifaa."

Lukresia aliichukua ile mausi ya bure, akaipapasa tumbo.

"Rangi yake naipenda. Na ni mpya. Nzuri sana, mama, kweli."

Kila sifa ilimchoma Lukresia. Mtoto aliyemlea yeye, kwa mdomo aliomfundisha yeye, alikuwa ameketi pale akiisifia mali, na kadri alivyozidi kuisifia ndivyo mama yake alivyozidi kujua jinsi isivyofaa. Uji wa jioni hiyo aliuacha kwenye kikombe.

Jumamosi asubuhi walikuwa dukani kabla ya Evaristo kufungua. Kasmiri naye alitokea baada yao kidogo, kwa sababu ghafla alikuwa na kibali cha kusafirisha mifugo kinachohitaji kutolewa kopi. Ukutani, juu ya kaunta, kulikuwa na karatasi ambayo jana Lukresia hakuuliza imeandikwa nini: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

"Baba, umenipa siyo," alisema Lukresia, akaweka boksi.

Evaristo alifungua, akaangalia, akavua miwani akaivaa tena. "Mama, mbona ndiyo hii. Uliisifia mwenyewe."

"Niliisifia, ndiyo."

"Na ile nyingine ulisema ina uso wa ng'ombe mgonjwa."

"Nilisema."

"Ukaipiga na fimbo."

"Niliigusa," Lukresia alisema, kwa uchungu. "Nilikuwa nainunua."

Kasmiri akakohoa kwenye kiganja. Ikabidi Lukresia aeleze. Hakuwahi kueleza maishani. Nani anaeleza jinsi ya kutembea? Alieleza habari ya jirani mwenye mgongo uliopinda, matusi, fimbo, kugeuka. Evaristo alisikiliza mpaka mwisho kama mwanafunzi mzuri.

"Kwa hiyo unayoitukana ndiyo unayoitaka," alisema.

"Sasa baba, nisiyoitaka nitaipotezea matusi ya nini?"

Evaristo alifikiri. Aliitoa nyeusi chini ya kaunta, akaiweka mezani, lakini mkono wake aliuacha juu ya kifuniko. Alisema kuna mwalimu mmoja amepiga simu kuiulizia tangu jana, amesema atapita saa sita. Alisema pia kwamba ile karatasi ya ukutani si pambo. Ila hiyo yote angeisamehe, kwa kuwa nailoni bado ipo kwenye kioo na kosa lake naye lipo. Shida yake ilikuwa moja.

"Jana niliamini maneno yako nikakosea," alisema. "Leo unaniambia unaitaka hii. Nitajuaje kwamba leo siyo kinyume pia? Jumatatu utanirudia tena. Mama, niambie moja kwa moja. Uzuri wake ni nini?"

Hakuwa anamchokoza. Kweli alitaka kujua. Na hapo ndipo Lukresia alipobanwa, kwa sababu mdomo wake haukuwa na njia hiyo. Aliangalia dari. Aliangalia mlango. Kasmiri alikuwa amesahau kabisa kopi yake, amesimama akisubiri kumsikia Lukresia akisifia mali anayoitaka mbele ya mwenye mali, jambo ambalo likifika mnadani lingemlisha kwa mwaka mzima. Harieth alisimama pembeni, mikono juu ya boksi la ile ya bluu.

"Si mbaya," alisema Lukresia.

Evaristo alisubiri.

"Inapumua vizuri." Akaegemea fimbo. "Ina GB nane, hata mtoto akifungua vitabu kumi haisimami. Herufi zinatokea pale pale anapobonyeza. Nimefungua kifuniko mara nane, bawaba zake zimekaza. Tumbo lake halina homa. Imechubuka kwa sababu imefanya kazi, na ambacho kimefanya kazi bila kufa ndicho mimi ninachokiamini. Betri ilikaa, niliangalia. Na siku binti akiwa na hela yake ataiongezea." Akavuta pumzi. "Ni nzuri. Tangu nilipoiona niliitaka. Ndiyo maana niliitukana vile."

Harieth alikuwa anamwangalia mama yake, si laptop.

Evaristo akaondoa mkono kwenye kifuniko. "Wabeja, mayu," alisema, yaani asante. Akaipangusa nyeusi, akaiweka kwenye begi, akatia na chaja. Alipofika kwenye mausi akasita.

"Lakini mama, kwa jinsi ulivyoisifia," alisema taratibu, "naona kama ile laki tano ilikuwa ndogo."

Lukresia alimgeukia. Mtu wa Kagera alikuwa amejifunza kwa usiku mmoja. Kasmiri akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kaunta, na Lukresia naye, hakujua ilitoka wapi, akacheka. Alitoa elfu ishirini kwenye pindo la kitenge. Mausi ilibaki ya bure.

Nje, wakati Kasmiri ameshatangulia kwenda kusambaza habari, Harieth aliweka begi begani.

"Mama."

"Mh."

"Kwa yule mshenga wa Mkula ulisema nang'ata."

Lukresia alinyanyua fimbo juu kuita bodaboda ambayo ilikuwa haijatokea bado. Aliiita kwa muda mrefu. Bodaboda ilipofika walipanda wakarudi Sapiwi.

Jumatatu, stendi ya Bariadi, kulikuwa na baridi kidogo ya asubuhi. Ndoo ilipandishwa, godoro likapandishwa, gambuti zikafungwa kamba pamoja. Begi la laptop Harieth alikataa kumpa kondakta, akalipakata. Alikaa kiti cha dirishani, na pembeni yake alikaa mama mmoja wa miwani, mtumishi aliyekuwa akirudi kwao Dodoma kwa likizo. Lukresia alipanda ndani ya basi kumsalimia, maana safari ni ndefu na binti hajawahi kufika hata Shinyanga.

"Huyu ni binti yako?" mama wa miwani aliuliza. "Anaonekana mtulivu."

Harieth aliangalia nje. Alijua kinachokuja. Alishajiandaa kwa uvivu, kwa ugali wenye madonge, pengine na kung'ata. Na safari hii, alijiambia, asingeumia, kwa kuwa alishasikia dukani maana yake. Alikuwa tayari hata kutabasamu.

Lukresia alifungua mdomo. Ukamgomea, akauita tena. Kisha akanyoosha fimbo juu ya kiti, akamgusa Harieth mgongoni kwa ncha yake, polepole, kama inavyotakiwa.

"Huyu ni mzuri," alisema. "Ana akili, ana bidii, na ana huruma ambayo kwangu hakuipata. Wamepita wengi mikononi mwangu, sijaona kama huyu. Waliomtaka walikuja na zizi zima, nikamsingizia mambo mpaka wakakimbia, kwa sababu nilimtaka mwenyewe. Nakuomba umwangalie njiani, ng'wanone huyu, mwanangu."

Mama wa miwani alisema atamwangalia, ingawa ile habari ya fimbo ilimshangaza kidogo. Kondakta alikuwa anapiga bodi kwa kiganja, wasindikizaji washuke. Harieth alijifuta macho kwa mkono wa sweta, mara mbili, na alipopata sauti ilitoka imekwama.

"Umeharibu, mama. Sasa wameshajua unanitaka. Bei itapanda."

"Ipande," alisema Lukresia.

Akashuka. Kwa kawaida ya kazi yake, ukishagusa unageuza mgongo, hutazami tena. Lukresia alisimama palepale chini ya dirisha, akatazama basi likirudi nyuma, likageuka, likatoka stendi, na aliendelea kutazama barabara hata lilipokuwa halionekani.